Bodi ya majaribio ya kompyuta ya zamani: namna ya kuitambua

Fundi redio wa Kalemela akifungua mashine iliyokufa hukutana na bodi: ubao mwembamba, mara nyingi wa kijani, wenye njia za shaba na vidude vilivyoungwa kwa risasi. Nyingi huishia kwa mnunuzi wa chuma chakavu. Moja moja, hata hivyo, huwa bodi ya majaribio, ile ambayo wahandisi waliunga kwa mikono kabla kiwanda hakijaanza kutoa za kuuza.

Tuseme ukweli, kuipata kwetu ni bahati ya mtende. Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, hivyo kompyuta za nyumbani za enzi hizo zilifika chache.

Thamani yake ikoje? Mwaka 1976 Steve Jobs alimwonyesha Paul Terrell, mwenye duka la kompyuta huko California, bodi ya Apple-1 iliyoungwa na Steve Wozniak. Terrell aliipiga picha. Miaka mingi baadaye bodi hiyo ilijitokeza ikiwa imekatika kipande, na mtaalamu Corey Cohen akailinganisha na picha zile. Ilikuwa yenyewe. Agosti 2022 iliuzwa mnadani Marekani kwa zaidi ya dola 677,000.

Anza na chipu. Nyingi zina tarakimu nne: 8215 ni wiki ya 15 ya mwaka 1982. Kompyuta ya ZX Spectrum ya Uingereza ilitoka Aprili 1982. Ukikuta bodi yake ina chipu asilia ya 8340, hiyo si ya majaribio. Tarehe ya nyuma nayo haitoshi, maana chipu hukaa stoo. Tazama pia nyaya zilizoungwa kwa mkono na maandishi ya kalamu. Nyaya peke yake zisikudanganye: viwanda navyo vilirekebisha makosa hivyo, na mafundi wetu pia.

Chipu nyingine ina kidirisha cha kioo kilichofunikwa kwa karatasi ya kubandika. Usiibandue! Jua likipiga hapo kwa siku kadhaa hufuta programu iliyomo, na hiyo ndiyo inayoweza kuwa ushahidi pekee. Wala usiichome bodi kutafuta dhahabu. Moshi wake una sumu na utakachopata ni kidogo mno.

Piga picha pande zote mbili kwa simu, kivulini, namba zisomeke, kabla ya kuisafisha au kuiwasha.