Masoko ya vyakula ya Italia na fromaji yetu ya Masisi: mpenda chakula ajue nini

Kuna watu wa Bukavu ambao wakipata nafasi ya kufika Italia, kwa masomo, kwa mkutano ama kumtembelea ndugu, kitu cha kwanza wanachotaka kuona si uwanja wa mpira. Wanataka kuona soko. Wanataka kujua kwa nini chakula cha nchi ile kinasifiwa dunia nzima, na kwa nini kipande kidogo cha fromaji kinaweza kuuzwa bei ya juu vile.

Makala hii ni ya hao, na pia ni yako wewe ambaye hauna safari lakini unapenda kula vizuri. Tutaeleza namna masoko na mikahawa ya Italia inavyofanya kazi, halafu tutarudi nyumbani kuangalia fromaji ya Masisi na kahawa ya ziwa letu. Utaona kwamba tofauti kubwa kati ya soko lao na letu si utamu. Ni jina la chakula: nani analilinda, na nani anakula faida yake.

Parma na Kivu, jamaa wa zamani

Wengi wetu tulisikia jina la Parma kanisani kabla ya kulisikia mezani. Wamisionari wa Xaveri, wale tunaowaita ba-Xavériens, ni shirika lililoanzishwa mjini Parma, kaskazini mwa Italia, mwaka 1895 na Guido Maria Conforti. Walifika Uvira mwaka 1958, na baadaye wakafanya kazi Bukavu na sehemu nyingine za Kivu. Mji huo wa Parma ndio uliotoa jina kwa fromaji ya Parmigiano na kwa paja la nguruwe lililokaushwa kwa chumvi, prosciutto di Parma.

Soko gani la kutembelea

Ukifika Turin, tafuta Porta Palazzo. Ni soko la wazi, mojawapo ya makubwa zaidi katika Ulaya, na kelele zake zitakukumbusha Kadutu. Kuna sehemu yenye paa ambako wakulima wenyewe wanauza mavuno yao, mbali na wachuuzi walionunua kwa jumla. Tofauti hiyo tunaijua hata sisi: mama aliyeshuka na mboga zake kutoka Kabare si sawa na yule aliyezinunua kwenye lori asubuhi.

Bologna ina mtaa wa Quadrilatero, vijia vyembamba katikati ya mji vilivyojaa maduka ya nyama kavu, fromaji na pasta iliyotengenezwa siku ileile. Firenze ina Mercato Centrale ya San Lorenzo, jengo la chuma na kioo la mwaka 1874. Chini wanauza nyama, samaki na matunda, na juu watu wanakaa kula.

Halafu kuna Eataly, iliyofunguliwa Turin mwaka 2007 ndani ya jengo lililokuwa kiwanda cha kinywaji. Hapo duka na mkahawa viko pamoja: unanunua pasta upande huu, unaikula imepikwa upande ule. Mwaka 2010 walifungua New York. Vitu ni vizuri, lakini bei iko juu. Mwenye mfuko mwepesi atakula vizuri zaidi Porta Palazzo.

Mambo matatu yatakusaidia. Kwanza, usishike matunda kwa mkono wako. Muuzaji ndiye anayechagua, ama anakupa glavu. Pili, soma bei kwa makini: fromaji na nyama kavu mara nyingi bei yake ni ya etto, yaani gramu 100, si ya kilo. Wageni wengi wamefurahia bei ndogo na kushtuka kwenye kulipa. Tatu, kubishana bei kama tunavyofanya hapa si desturi yao sana, lakini kuomba kuonja ni jambo la kawaida. Salimia kwanza, kisha uombe.

Ukiingia mkahawani

Ristorante ni mahali pa heshima zaidi, trattoria ni pa kifamilia, na osteria zamani ilikuwa nyumba ya divai. Siku hizi majina yanachanganyika, kwa hiyo soma karatasi ya bei mlangoni kabla ya kuketi.

Chakula kinakuja kwa zamu. Kuna antipasto ya kufungua tumbo, primo ambayo ni pasta, wali ama supu, secondo ambayo ni nyama ama samaki, halafu kitu kitamu. Hakuna anayekulazimisha kuagiza vyote. Ila ujue kwamba pasta kwao ni chakula kamili. Haiwekwi pembeni ya kuku kama tunavyofanya kwenye karamu za Bukavu.

Mwishoni unaweza kuona coperto kwenye hesabu. Hiyo ni pesa ya meza na mkate, si wizi. Kahawa ukiinywa umesimama mbele ya kaunta, mara nyingi ni rahisi kuliko ukiketi. Na cappuccino ni ya asubuhi. Ukiiagiza baada ya nyama watakuletea, ila watatabasamu.

Chakula cha maskini kilichopanda cheo

Vingi vya vyakula hivi vilivyo maarufu vilianza kwa watu waliokuwa na shida. Pizza ilikuwa chakula cha mitaani cha maskini wa Napoli. Mwaka 2017 UNESCO iliandika ufundi wa wapika pizza wa Napoli katika urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Nyanya haikuzaliwa Italia. Ilitoka Amerika, kama vile mahindi, muhogo na maharagwe tunayokula sisi.

Polenta ndiyo itakayokushangaza zaidi. Ni unga wa mahindi uliosongwa kwenye maji ya moto, yaani jamaa wa karibu wa bugali yetu. Leo iko kwenye mikahawa ya bei kubwa, pamoja na uyoga ama fromaji. Lakini katika karne ya 18 na ya 19, wakulima maskini wa kaskazini mwa Italia walikuwa wanakula polenta karibu peke yake, na ugonjwa wa pelagra uliwamaliza: ngozi inababuka, tumbo linaharibika, akili inachanganyikiwa, mtu anakufa. Sababu ilikuwa ukosefu wa vitamini ambayo mahindi peke yake hayaupi mwili. Fundisho hilo linatuhusu pia. Bugali bila maharagwe, samaki, maziwa ama mboga inashibisha tumbo lakini haijengi mwili, hasa wa mtoto.

Jina lenye askari

Sasa tuje kwenye fromaji. Parmigiano Reggiano inatengenezwa Parma, Reggio Emilia, Modena na sehemu za Bologna na Mantova tu. Duara moja lina uzito wa kilo 40 hivi na linakula zaidi ya litre 500 za maziwa. Ni lazima likae angalau miezi 12 kabla ya kuuzwa. Muda huo ukifika, mtaalamu anapita na nyundo ndogo, anagonga kila duara na kusikiliza sauti. Likilia vibaya, maana yake kuna ufa ama shimo ndani, halipewi alama ya moto.

Watengenezaji waliungana mwaka 1934. Mwaka 1996 Umoja wa Ulaya ulilipa jina lao ulinzi wa sheria, na mwaka 2008 mahakama ya Umoja huo ilisema kwamba hata neno Parmesan haliwezi kutumiwa Ulaya kwa fromaji nyingine. Kwa hiyo bei unayolipa ni ya maziwa, ni ya muda, lakini pia ni ya jina. Na pesa ya jina inarudi kwa mfugaji.

Tena hawatupi kitu. Maji yanayobaki baada ya maziwa kuganda wanayapasha moto tena na kupata ricotta, neno lenye maana ya kilichopikwa mara ya pili. Maji mengine wanawapa nguruwe, na nguruwe hao ndio wanaotoa prosciutto.

Na ile ya Masisi?

Milima ya Masisi, Kivu ya Kaskazini, ina baridi na majani mazuri. Tangu mapadri na wafugaji wa kutoka Ulaya walipoleta ufundi huo, watu wa huko wamekuwa wakitengeneza fromaji ya mviringo inayofanana na Gouda ya Uholanzi. Maziwa yanapashwa moto kidogo, yanatiwa dawa ya kugandisha, yanakatwakatwa, yanakamuliwa ndani ya chombo cha mviringo, yanawekwa kwenye maji ya chumvi, halafu yanapangwa juu ya mbao ili yakomae. Kilo moja ya fromaji inahitaji litre 10 hivi za maziwa.

Kutoka kule inashuka Sake, inafika Goma, inavuka ziwa kwa mashua ama inazunguka kwa barabara ya Minova na Kalehe hadi kwetu. Wengine wanaiita fromaji ya Masisi, wengine ya Goma. Ni ileile.

Fromaji hii imepita mambo mazito. Katika vita vya miaka ya 1990 ng'ombe wa Masisi waliporwa na kuchinjwa kwa wingi, na tangu hapo usalama haujatulia. Barabara ikifungwa ama mashua zikisimama, mfugaji anabaki na maziwa yasiyo na mnunuzi, na muuzaji wa Bukavu anabaki na meza tupu. Na fromaji ikifika, jina lake halina askari. Yeyote anaweza kuchukua fromaji changa, yenye maji mengi, akaiita ya Masisi. Anayechunga ng'ombe kwenye mvua hapati faida yoyote ya sifa hiyo.

Sisi pia tuna maziwa yetu. Mashanza, maziwa yaliyoganda ya Bushi, ni chakula cha heshima Walungu na Kabare. Ni mara ngapi umeyaona kwenye karatasi ya mkahawa wa Bukavu?

Namna ya kuchagua

Bonyeza kwa kidole. Fromaji nzuri inarudi polepole; ikizama kama unga uliolowa, bado ni changa sana. Tazama ganda: liwe kavu, bila nyufa zenye utelezi. Nusa: harufu ya maziwa na siagi ni nzuri, harufu kali inayochoma pua kama mkojo ni ishara kwamba imepitiliza. Omba ikatwe mbele yako. Vishimo vidogo si tatizo, lakini vikiwa vingi kama sponji na ladha iko chungu, iache.

Muulize muuzaji: « Mama, hii ni ya lini? Imetoka upande gani? » Anayejua bidhaa yake atakujibu bila kusita.

Nyumbani, ifunge kwa kitambaa safi ama karatasi, si sashe ya plastiki, na uiweke pahali pa baridi. Ukiona ukungu kidogo juu ya fromaji ngumu, kata sehemu hiyo na nyama yake kwa upana wa vidole viwili, kilichobaki unaweza kula. Kwa mama mjamzito na watoto wadogo, ni heri kuipika, kwa sababu nyingi zinatengenezwa na maziwa yasiyochemshwa.

Kahawa inaonyesha kwamba inawezekana

Kwa miaka mingi kahawa ya Idjwi na Minova ilivushwa usiku kwenda Rwanda ndani ya mitumbwi, na watu wengi walizama ziwani. Ilipofika ng'ambo ilipoteza jina lake. Mwaka 2003 wakulima wa Minova walianzisha koperative ya SOPACDI, wakaanza kuosha kahawa kwa ufundi, wakapata wanunuzi Ulaya walioitaka kwa jina la Kivu. Kuanzia 2014 Bukavu ilipokea mashindano ya kuonja kahawa yaitwayo Saveur du Kivu. Shida hazijaisha, lakini kahawa imepata jina na mkulima anajua thamani ya kikombe chake. Fromaji inaweza kupita njia hiyohiyo.

Jaribu jikoni kwako

Bugali ya mahindi na fromaji: songa bugali laini kuliko kawaida, epua, tia fromaji ya Masisi iliyokatwa vidogo na mafuta kidogo, koroga hadi iyeyuke. Kula na lengalenga ama uyoga.

Spageti na sambaza: watu wa Sicilia wanapika pasta na dagaa wao wa baharini. Sambaza naye ni wa ukoo wa dagaa. Aliletwa katika ziwa Kivu kutoka Tanganyika miaka ya mwisho ya 1950. Kaanga kitunguu na kitunguu saumu, tia sambaza mbichi na nyanya mbili, changanya na spageti. Mwitaliano atakuambia usitie fromaji juu ya samaki. Hapo fuata ulimi wako.

Fromaji ya kukwangua: kipande cha Masisi kilichokauka usikitupe. Kikwangue juu ya spageti ya nyanya, kitafanya kazi ya Parmigiano.

Kwa hiyo siku utakapofika Porta Palazzo, onja, uliza, jifunze. Lakini hauhitaji viza kuanza. Jumamosi hii ukinunua fromaji hapa Bukavu, uliza imetoka kijiji gani. Wanunuzi wengi wakiuliza hivyo, muuzaji ataanza kumuuliza mletaji, na mletaji atamuuliza mfugaji. Wafugaji wa Parma nao walihitaji wanunuzi waliojua jina la kijiji.