Lebo na Wati: Mnunuzi wa Paneli za Jua Nchini Kenya
Katika miaka ya 1990, maelfu ya kaya za vijijini nchini Kenya zilinunua paneli ndogo za umeme wa jua kwa fedha taslimu, zikipunguza matumizi ya koroboi. Mnunuzi hakuweza kupima wati. Alitegemea lebo na neno la mwenye duka. Vipimo vya watafiti vya mwaka 1999 vilionyesha kwamba baadhi ya chapa za silikoni amofasi zilitoa umeme pungufu sana kuliko ulioandikwa, ilhali nyingine za aina hiyohiyo zilikuwa nzuri. Hasara, basi, haikumwishia aliyepunjwa: hata muuzaji mwaminifu alishukiwa. Upimaji uliporudiwa miaka ya 2004 na 2005, ulifichua chapa nyingine dhaifu. Mpango wa Lighting Africa, ulioanzishwa mwaka 2007, uliufanya upimaji kuwa wa kudumu, ila ulianza na taa za jua.