Pablo Casals, Mpiga Chelo Aliyegoma

Chelo ya kwanza ya Pablo Casals ilikuwa kibuyu. Alizaliwa Desemba 29, 1876, El Vendrell, mji mdogo wa Catalonia nchini Hispania, ambako baba yake alipiga kinanda kanisani. Mtoto alitengenezewa buyu kavu lenye uzi mmoja; Mswahili angeliita zeze. Chelo yenyewe aliisikia akiwa na miaka 11, na tangu hapo hakutaka ala nyingine.

Enzi hizo mwanafunzi wa chelo alibanishwa kitabu kwapani ili mkono wa upinde usiachane na mbavu. Casals aliuachia mkono huo, na vidole vya kushoto akavitanua badala ya kuviburuza juu ya nyuzi. Mwaka 1890, katika duka la nota kuukuu karibu na bandari ya Barcelona, akakuta Suiti sita za mtunzi Bach za chelo pekee. Wengi walizihesabu kuwa mazoezi makavu tu. Yeye alizipiga chumbani kwa miaka kama 12 kabla ya kuthubutu kupiga moja nzima mbele ya watu.

Sifa zake zilivuma kuanzia 1899, alipopiga London na Paris. Mwaka 1904 alialikwa Ikulu ya Marekani na Rais Theodore Roosevelt, na mwaka 1920 akaanzisha okestra yake Barcelona. Suiti zote sita alizirekodi kati ya 1936 na 1939, nchi yake ikiwaka vita vya wenyewe kwa wenyewe.

Jenerali Franco aliposhinda vita hivyo na kushika utawala wa Hispania, Casals alihamia Prades, upande wa Ufaransa wa milima ya Pyrenees. Alitumaini kwamba Hitler akianguka, Franco naye angeng'olewa. Mataifa yaliyoshinda Vita vya Pili vya Dunia yalipomwacha Franco madarakani, Casals aliweka upinde chini: hapigi tena hadharani. Mwaka 1950, miaka 200 tangu kifo cha Bach, wanamuziki walimfuata hukohuko Prades, maana yeye hakuwa wa kuwaendea.

Baadaye aliishi Puerto Rico, alikozaliwa mama yake. Mgomo wake haukuwa kamili: Novemba 13, 1961 alimpigia chelo Rais Kennedy wa Marekani, ingawa nchi hiyo ilikuwa bado inaelewana na Franco. Alifariki San Juan Oktoba 22, 1973, akiwa na miaka 96. Franco alimfuata miaka miwili baadaye, na mwaka 1979 mwili wa Casals ukarudishwa El Vendrell.