Macho mekundu si sababu ya kumwachisha mtoto ziwa

MAPEMA mwaka wa 2024, ugonjwa wa macho mekundu ulienea Mombasa na sehemu nyingine za Pwani ya Kenya. Kila maradhi hayo yanapozuka, mama anayenyonyesha hujiuliza: je, amwachishe mtoto ziwa hadi apone?

Jibu ni la. Ugonjwa huu huletwa na virusi, hasa vya adeno na vya entero, vinavyoshambulia utando mwembamba unaofunika weupe wa jicho. Hauenezwi kwa maziwa ya mama, bali kwa mikono na vitu vilivyoguswa na machozi au tongo za mgonjwa.

Hivyo basi, kinga ya mtoto imo mikononi mwa mama. Yampasa kunawa kwa sabuni na maji yanayotiririka kabla ya kumbeba au kumnyonyesha mtoto, na kila anapogusa macho yake. Leso anayojifutia machozi isiwe ndiyo ya kumbebea mtoto, wala wasitumie taulo au mto mmoja.

Kwa kawaida ugonjwa hupungua wenyewe katika wiki moja au mbili. Kitambaa safi kilichochovywa katika maji baridi yaliyochemshwa hutuliza mwasho, na parasetamoli hupunguza maumivu bila kumdhuru mtoto anayenyonya. Dawa za antibiotiki haziui virusi. Matone yenye steroidi yasinunuliwe bila idhini ya daktari, kwani huweza kuzidisha madhara iwapo virusi ni vya hepesi. Aidha, maziwa ya mama yasitiwe machoni, kwa kuwa huweza kuingiza vijidudu vingine.

Daktari akitoa matone, mama amjulishe kwamba ananyonyesha. Baada ya kuyatia, abonyeze taratibu pembe ya jicho iliyo karibu na pua kwa dakika moja au mbili ili dawa isiingie kwa wingi katika damu.

Maumivu makali, kuona ukungu, kushindwa kustahimili mwanga au malengelenge karibu na jicho ni dalili za kukimbilia hospitalini. Malengelenge ya hepesi yakitokea kwenye titi, mtoto asinyonye titi hilo hadi yapone.

Naye mtoto mchanga wa chini ya siku 28 akitokwa na tongo au macho yakivimba, apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo. Katika umri huo, chanzo huweza kuwa bakteria wanaopofusha.