Kutu Iliyoangusha Kahawa ya Ceylon

Ni magonjwa machache ya mimea yaliyowahi kugeuza uchumi wa nchi nzima kama kutu ya majani ya kahawa, iliyozuka mwaka 1869 katika mashamba ya Ceylon, kisiwa ambacho leo huitwa Sri Lanka. Mwaka huohuo Miles Joseph Berkeley, kasisi wa Kiingereza aliyebobea katika elimu ya kuvu, aliipa kuvu inayosababisha ugonjwa huo jina la kitaalamu la Hemileia vastatrix.

Nguvu ya kuvu hii imo katika namna inavyozaliana. Chini ya jani lililougua hutokea madoa ya unga wa rangi ya machungwa, na unga huo ni spora, yaani chembe za uzazi zinazoonekana kwa hadubini tu, ambazo hutengenezwa bila muungano wa mbegu za kiume na za kike, hivyo kwamba hata moja ikipeperushwa peke yake yatosha kuanzisha ugonjwa katika mti mwingine. Spora hiyo ina umbo la figo, mgongo wake umejaa vijiba na tumbo lake ni laini. Ikipata unyevu wa maji juu ya jani huchipua uzi mwembamba unaopenya kwenye stomata, yaani vitundu ambavyo jani hupumulia, na baada ya wiki chache madoa mapya hutoa maelfu ya spora nyingine.

Hayo yalifafanuliwa na Harry Marshall Ward, mtaalamu wa mimea aliyefanya utafiti kisiwani humo kuanzia 1880 hadi 1882, akitega vipande vya kioo ili kunasa spora zinazobebwa na upepo. Wakulima wengi walitaka dawa, naye hakuwa nayo. Lakini alichowapa kilikuwa na thamani kubwa zaidi, kwani alionyesha kwamba kufyeka misitu na kupanda kahawa tupu, kilima baada ya kilima, kuliifungulia kuvu njia. Kahawa iliporomoka, chai ikashika nafasi yake.

Afrika Mashariki imenufaika na elimu hiyo. Kenya ilitoa aina ya Ruiru 11 mwaka 1985, yenye ukinzani uliotokana kwa sehemu na mseto wa arabika na robusta uliojizalisha wenyewe kisiwani Timor, na wakulima wa kahawa ya zamani hupulizia dawa za shaba kabla spora hazijachipua, kwa kuwa uzi ukishaingia ndani ya jani dawa hizo haziufikii.