Mlango au Bandari?

Kijana mmoja wa Obunga, mtaa wa Kisumu, aliyekuwa akiiandaa seva yake iwapelekee wachuuzi wa mgongo wazi (mifupa ya samaki iliyoondolewa minofu) risiti kwa barua pepe, aliniuliza kama ile “port” namba 25 ya seva, ambayo kampuni nyingi za intaneti huifunga kwa hofu ya barua taka, tuiite bandari au mlango. Naam, bandari ni neno la Kiajemi, na Kisumu, iliyoitwa Port Florence reli ilipowasili mwaka 1901, inalistahiki; lakini bandarini vyombo hutia nanga, ilhali barua hubisha hodi, ikatoa salamu na kujitambulisha, ndipo ipokewe. Nikamjibu: mlango. Akaujaribu ule wa 587, unaodai na nywila, na risiti ya kwanza, ya migongo mitatu ya mbuta, ikafika.