Mnada wa Hisani: Huduma, Jina na Dau

Mwambie Mtanzania kwamba msusi fulani amepeleka huduma yake mnadani, na kwanza atafikiria benki. Kwetu mali hupigwa mnada pale mkopo uliposhindikana: nyumba, gari, mashine ya kusaga. Akikosa benki atafikiria ng'ombe, maana mnada ni gulio pia, kama ule wa Pugu au wa Msalato, Dodoma, penye vumbi na nyama choma. Maana hizo mbili hazimfikishi kwenye desturi iliyozoeleka sana Marekani, ambako shule, kanisa, maktaba au kituo cha kutunza mbwa waliotelekezwa huandaa hafla ya jioni, na wenye biashara ndogo za mtaani hutoa huduma zao zinadiwe, fedha zote ziende kwa taasisi. Mpiga picha hutoa saa moja ya kuipiga familia picha. Mhasibu hujitolea kujaza fomu za kodi za mtu mmoja. Msusi, fundi bomba, mwalimu wa piano, nao vivyo hivyo. Hakuna hata mmoja aliyefilisika.

Jina la jambo hili tunalo: mnada wa hisani. Limekaa pamoja na matembezi ya hisani na chakula cha jioni cha hisani, ambavyo wasomaji wa magazeti wamevizoea. Wapo wanaopendelea "mnada wa kuchangisha", na hawajakosea. Lakini neno hisani linabeba jambo ambalo kuchangisha hakulibebi, na ndilo jambo ambalo mwenye biashara ndogo anapaswa kulielewa kabla hajaandika vocha yake ya kwanza, yaani karatasi ya kuahidi huduma.

Tuna sadaka na tuna hisani. Sadaka, kwa Waislamu na kwa Wakristo, inasifiwa zaidi inapotolewa kwa siri, anayeitangaza anajipunguzia. Hisani haina sharti hilo. Hisani hukumbukwa, hutajwa, hulipwa kwa hisani nyingine. Ndiyo maana chini ya picha gazetini huandikwa "kwa hisani ya" fulani, na ndiyo maana mtangazaji wa redio husema kipindi kimeletwa kwa hisani ya kampuni ya sabuni. Kampuni ya sabuni haikutoa sadaka. Imelipia, nasi tumetajiwa jina lake kwa heshima. Maneno hayo matatu yameunganisha wema na tangazo bila kuona aibu, na huo ndio muungano uliomo ndani ya mnada wa hisani: anayetoa huduma anatoa kweli, na jina lake linakaa mezani.

Mnada wa aina hii haukuja na ndege. Nje ya makanisa mengi ya Kilutheri nchini Tanzania, ibada ya Jumapili ikishamalizika, mzee wa kanisa husimama na jogoo mkononi. Waumini wasio na fedha wameleta mazao: mkungu wa ndizi, mayai kwenye kikapu, debe la mahindi, kuku. Vinanadiwa hapo hapo uwanjani kwa utani na vicheko. Jogoo mmoja anaweza kuuzwa mara tatu, kwa kuwa anayemnunua anamrudisha auzwe tena, au anamzawadia mchungaji. Bei haina uhusiano na soko. Anayepandisha dau anachangia, na wote wanajua hivyo. Ila mkungu wa ndizi hauna jina la mkulima. Hiyo bado ni sadaka. Siku fundi cherehani wa usharika atakapoleta karatasi isemayo "nitashona suti moja, kitambaa changu", na mzee akalisoma jina lake mbele ya watu wote, mnada utakuwa umehama kidogo kuelekea kwenye hisani. Nadhani makanisa mengi yangepata fedha zaidi kwa njia hiyo, ingawa jogoo angepungukiwa na heshima yake.

Sasa aina zake, maana hapa istilahi inahitaji uangalifu. Kuna mnada wa sauti, tunaoujua, wenye mnadi jukwaani. Kisha kuna ule ambao vitu au vocha hupangwa mezani, kila kimoja na karatasi yake. Wageni huzunguka na vinywaji mkononi, wakiandika jina au namba na kiasi walicho tayari kulipa, mpaka muda ufike na karatasi zikusanywe. Wafasiri huuita "mnada wa kimya". Tafsiri hiyo inaeleweka, ila inagongana na neno lenyewe: mnada umetokana na kunadi, na kunadi ni kutangaza kwa sauti. Naona afadhali "mnada wa maandishi". "Mnada wa karatasi" ungependeza zaidi masikioni, lakini siku hizi watu wengi huandika dau kwenye simu, na jina lisingedumu.

Kiasi anachoandika mgeni ni dau, wala si zabuni. Zabuni tumeiachia serikali na makandarasi. Karatasi ya dau huwa na maelezo ya huduma, jina la aliyeitoa, bei ya soko, bei ya kuanzia na nyongeza ya chini kutoka dau hadi dau. Bei ya kuanzia huwekwa chini ya bei ya soko makusudi, mara nyingi kwenye nusu au pungufu, ili mtu wa kwanza asiogope. Na mwenye huduma aandae moyo: huduma mara nyingi huuzwa chini ya bei yake ya dukani. Saa moja ya mpiga picha haina mvuto wa baiskeli mpya inayong'aa mezani, na wageni wanaohitaji picha jioni ile huenda ni wawili tu.

Basi anapata nini? Jibu la haraka ni "kujulikana", na ni jibu hafifu, kwa sababu jina lililoandikwa miongoni mwa majina sitini kwenye kijitabu cha hafla halijulikani na mtu. Faida yenye uzito iko penye mambo mawili. La kwanza ni mshindi mwenyewe. Huyu atakuja. Ataingia dukani, atakaa kwenye kiti, ataona kazi. Wapiga picha wa Marekani wanalielewa hili vizuri kupita wote, na mtindo wao umekuwa karibu kanuni: vocha inagharamia kupigwa picha pamoja na picha moja iliyochapishwa. Picha nyingine ishirini za watoto wale wale mshindi ataziona, atazipenda, na atazilipia. Fundi bomba hana nafasi hiyo. Bomba likishazibuliwa limezibuliwa. Kwa hiyo huduma inayofaa kunadiwa ni ile yenye mwendelezo: somo la kwanza la piano, usafi wa kwanza wa nyumba, kichwa ambacho baada ya wiki sita kitahitaji kusukwa tena.

La pili husahaulika hata na wazoefu: walioshindwa. Karatasi ikirudi ina majina ya watu watano waliotaka huduma ile na wakaandika kwa mkono wao kiasi walicho tayari kuilipia. Tangazo gani la redio linakuletea orodha ya namna hiyo? Majina ni ya taasisi, si ya msusi, na si halali kuyachukua kimyakimya. Lakini hakuna ubaya kuwaomba waandaaji, kabla ya hafla, wawapelekee walioshindwa kadi yenye punguzo kidogo. Waandaaji wengi watakubali, kwa kuwa inawafurahisha wageni wao bila kuwagharimu.

Yote haya yanategemea nani amekaa ukumbini. Msusi wa Kitanzania aliyeko Houston akitoa huduma yake kwa hafla ya shule anayosoma mwanawe, wazazi watakaoshinda wanaishi dakika kumi kutoka saluni. Akiitoa kwa hafla ya kitaifa upande wa pili wa mji, mshindi huenda asije kabisa, na vocha ikafia kwenye droo. Vocha nayo iandikwe kama mkataba mdogo: huduma ipi hasa, ya thamani gani, mwisho wake lini, na kama inaweza kupewa mtu mwingine. Pasipo tarehe ya mwisho, mtu atakuja baada ya miaka mitatu, wiki ya Krismasi.

Mfano mkubwa wa kunadi muda wa mtu si wa biashara ndogo hata kidogo, lakini unaonyesha mambo yanavyokwenda. Kuanzia mwaka 2000 tajiri Warren Buffett alikuwa akitoa chakula cha mchana pamoja naye kinadiwe kwa ajili ya Glide, taasisi ya San Francisco inayohudumia maskini na wasio na makazi, ambayo mkewe Susan aliisaidia. Mwaka 2003 mnada ulihamia eBay, na mwaka 2022, katika mnada uliotangazwa kuwa wa mwisho, dau la ushindi lilikuwa dola milioni 19. Aliyenufaika kuliko wote pengine ni Ted Weschler. Alishinda mwaka 2010 na tena 2011, kila mara kwa dola milioni 2.6 na ushee, kisha Buffett akamwajiri kwenye kampuni yake, Berkshire Hathaway, kusimamia uwekezaji. Hapo aliyejulikana kupitia mnada alikuwa mnunuzi.

Kodi nayo ina msimamo wake kuhusu neno hisani. Sheria ya Marekani haimruhusu mtu kupunguza kodi kwa thamani ya muda au ujuzi alioutoa, hata kwa taasisi iliyosajiliwa kihalali. Msusi anaweza kuhesabu nywele za bandia na mafuta aliyonunua. Saa zake nne hapana, kwa sababu hazikuingia kwenye mapato yake hata ziondolewe. Mnunuzi naye anahesabiwa mchango kwa kile tu kilichozidi bei ya soko: aliyelipa dola 200 kwa huduma ya dola 150 amechangia 50, iliyobaki amenunua. Malipo yakizidi dola 75, taasisi inawajibika kumweleza hivyo kwa maandishi. Kwa hiyo msusi anayejaza fomu ya waandaaji asiweke bei ya soko ya kujitukuza: karatasi yake ndiyo mnunuzi atakayoitegemea mbele ya mamlaka ya kodi, na bei hiyo hiyo ataikuta imebandikwa ukutani siku atakapoingia saluni na vocha yake.